Kina Kinachozidi Urefu Wangu

Swali lilikuwa la sita kwenye fomu ya mashindano, chini ya lile la kifafa na ugonjwa wa moyo: "Je, unaweza kuogelea katika maji yenye kina kinachozidi urefu wako?" Kulikuwa na viboksi viwili. Nikaweka alama kwenye ndiyo, nikasaini, nikamrudishia muuguzi kalamu yake.

Haikuchukua hata sekunde tatu. Mimi ndiye mtu anayesimama mbele ya rafu dukani akilinganisha mche wa sabuni na mche mwingine mpaka muuzaji anauliza kama nimepoteza kitu. Ujumbe wa simu wenye maneno manne naweza kuuandika mara saba. Lakini swali lile moja, lililohusu uhai wangu waziwazi, nililijibu kama mtu anayeulizwa kama ameshakunywa chai. Na nilijibu uongo. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa ndani ya maji ambayo nikishusha mguu sigusi chini.

Kuogelea nilijifunzia hapahapa Mpanda, kwenye bwawa la hoteli moja. Mwenye hoteli alipolijenga aliweka upande wa kina kirefu kama mabwawa mengine. Miezi ikapita, hakuna mteja aliyeingia upande ule. Watu walikaa pembeni, wakaagiza soda, wakautazama. Mwishowe akalikausha bwawa, akaita mafundi, wakamwaga zege mpaka sakafu ikawa sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sasa maji yananifika kifuani popote ninaposimama. Wateja wakaanza kuingia, na maharusi wakaanza kuja kila Jumamosi kupiga picha pembeni yake. Jumapili mchana, sisi tunapokwenda kufanya mazoezi baada ya kanisa, huwa tunakuta maputo mawili matatu bado yanaelea.

Nilifika kwenye maji hayo kwa sababu ya muuguzi. Nina shahada ya maendeleo ya jamii, na wakati ule nilikuwa najitolea kwenye masjala ya kituo cha afya huku nikisubiri ajira. Yeye alikuwa wodi ya wazazi. Alikuja siku moja kutafuta faili, akaniangalia nilivyokuwa nimekaa, akasema, "Mdogo wangu, wewe mabega yako yanaishi masikioni. Twende ukaogelee." Baadaye nilielewa kwamba hakutaka kuwa mwanamke peke yake kwenye maji yenye wanaume. Lakini alikuwa amesema kweli kuhusu mabega.

Kwa mwaka mzima tulikuwa wanne: muuguzi, mimi, mwanamume mmoja wa benki, na mwalimu wa fizikia wa sekondari. Halafu likaja tangazo la bonanza la kuogelea kule Tabora, kwa watu wazima ambao hawajawahi kushindana. Kila mji uliruhusiwa timu moja ya kupokezana, wanawake wawili na wanaume wawili. Kila mtu mita hamsini, kwenda ishirini na tano na kurudi ishirini na tano. Muuguzi alikuwa ameshazunguka wodi zote, maabara, duka la dawa, hata kwaya yao, akitafuta mwanamke mwingine anayeweza kuogelea. Hakupata. Aliponiletea fomu alikuwa ameshajaza ya kwake kwa wino wa buluu, kwa herufi kubwa. Nikikataa mimi, hakuna timu, na yeye haendi popote. Hilo nililijua kabla sijashika kalamu.

Na nilijua zaidi ya hapo. Muuguzi ni mzaliwa wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Mama yake alivuka Ziwa Tanganyika akiwa msichana, wakati watu wanakimbia Burundi, kwenye mtumbwi uliobeba watu mara mbili ya uwezo wake. Hakuwahi kusimulia safari hiyo. Alichofanya ni kuwalea watoto wake mbali na maji. Ukirudi nyumbani nywele zimelowa na mvua haijanyesha, unachapwa kwanza, maswali baadaye. Muuguzi aliingia kwenye maji ya kuogelea kwa mara ya kwanza akiwa na miaka arobaini na mbili, ana watoto watatu. Alipomwambia mama yake kuhusu Tabora, yule mama aliuliza, "Hayo maji yana mwisho?"

"Yana ukuta pande zote nne, mama."

"Basi nenda. Uniletee karatasi inayosema ulitoka."

Alinisimulia hayo huku anacheka. Mimi sikuweza kucheka nayo. Karatasi hiyo ilikuwa ni ya matokeo ya timu, na timu ilikuwa na mimi ndani yake.

Kocha wetu, kama tulivyomwita, aliajiriwa kusafisha bwawa. Ni mtu wa Ugalla, amefuga nyuki nusu ya maisha yake, na maboya yetu aliyachonga kutoka kwenye mzinga wa zamani ambao nyuki walikuwa wameuhama. Ukilikumbatia boya lako na kupiga miguu unasikia harufu ya nta iliyokufa. Alivaa mabuti ya mpira hata jua likiwaka, na alitembea ukingoni na wavu wake wa kutolea majani, akitoa maelekezo kana kwamba anaongea na majani hayo.

"Uso ndani. Uso ndani, msomi. Humo hakuna mamba."

Yeye mwenyewe hakuweza. Alipoingia majini kutuonyesha, kichwa kilibaki juu, shingo imenyooka, macho yanazunguka kushoto na kulia. Ndivyo wanavyoogelea watu waliojifunzia mtoni kwetu huku. Kuogelea kwao ni shughuli ya kufika ng'ambo, na jicho lina kazi ya kutazama kinachokuja.

"Kocha, mbona wewe huweki uso?" mtu wa benki alimuuliza.

"Mimi nimezoea kuishi. Nyie mnataka medali."

Nilitumia wiki sita za kwanza baada ya fomu nikitafuta maji ya kina. Nilitaka kujua tu. Nilijiambia kwamba nikijaribu mara moja, mara moja tu, mahali ambapo hakuna mtu anayenitazama, nitajua kama mimi ni muongo au ni mtu aliyesema kweli kabla ya wakati wake. Lakini Katavi nzima, maji yenye kina yana wenyewe. Bwawa la nje ya mji lina viboko. Ukifika unaona masikio yao juu ya maji, yanatikisika. Mito ina mamba. Ziwa liko mbali, na nalo sikuliamini. Kuna kipindi nilisimama nyuma ya kituo cha afya nikilitazama tangi la maji la lita elfu tano, nikipiga hesabu ya urefu wake dhidi ya wangu, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama bomba linavuja. Nilimjibu kwamba nilikuwa nasoma maandishi. Halikuwa na maandishi.

Nikaanza kusoma kwenye simu. Nilisoma jinsi mtu anavyozama, na nikajua kwamba mara nyingi hapigi kelele, anasimama tu wima majini kama anayepanda ngazi. Nilisoma kuhusu kubanwa kwa misuli, kuhusu maji kuingia puani, kuhusu watu waliozama mbele ya umati kwa sababu kila mmoja alidhani wanacheza. Nilisoma wakati wa kula, nilisoma chooni. Nilikuwa nakaa kwa mama mkubwa, mtaa wa Kawajense, na yeye aliona kwamba sahani yangu inarudi jikoni na nusu ya ugali.

"We mtoto una nini? Umepata mimba?"

"Hapana, mama mkubwa."

"Sema tu. Hapa hakuna polisi."

"Ni mashindano."

Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua. "Mtu ana digrii yake, hana kazi, anakwenda kushindana na samaki. Wazazi wako nitawaambia nini?"

"Waambie ni michezo."

"Michezo ni netiboli," alisema. "Netiboli ukianguka unaanguka chini, watu wanakuokota. Na hivyo vinguo vyenu je?"

Nilimwonyesha. Muuguzi alikuwa ametuchagulia mitumba sokoni, suruali nyeusi za kubana zinazofika magotini na blauzi za mikono mirefu za kitambaa kilekile. Mama mkubwa aliivuta ile blauzi, ikavutika, akaiachia.

"Hii inafaa hata kanisani," alisema kwa huzuni kidogo, kama mtu aliyenyang'anywa hoja.

Sikumwambia kuhusu swali la sita. Sikumwambia mtu yeyote. Kwa nje mazoezi yalikwenda vizuri. Nilijifunza kupumua kila baada ya mikono mitatu, niliacha kumeza maji, na mwalimu wa fizikia alinipima kwa simu yake akasema nimepunguza sekunde. Lakini bwawa letu ni fupi, halifiki hata mita kumi na tano, na lina sakafu kila mahali. Kwa hiyo sote wanne tulikuwa na namna moja ya kugeuka ambayo hakuna aliyetufundisha: unafika ukutani, unashika, unashusha miguu, unasimama, unavuta hewa, unageuka, unasukuma. Tulikuwa tumefanya hivyo mara maelfu. Mguu ulikuwa umezoea kushuka wenyewe, kama mguu unavyoshuka kitandani asubuhi ukijua sakafu ipo.

Kule Tabora, waandaaji walikuwa wameandika, upande wa kuanzia una kina cha mita moja na robo. Upande wa kugeukia una mita mbili na nusu.

Nikaanza kujizuia. Nilikunja magoti nilipofika ukutani, nikajaribu kugeuka bila kugusa chini. Mara tisa kati ya kumi mguu ulishuka. Ile ya kumi nilipaniki nikameza maji. Kocha alikuwa amesimama juu yangu na wavu wake.

"Msomi. Miguu yako inatafuta nini?"

"Hakuna kitu, kocha."

"Mbona inatafuta?"

Nilicheka. Alinitazama muda, halafu akaenda kutoa jani.

Wiki tatu kabla ya safari nilimwambia muuguzi. Niliamua kumwambia kwa sababu nilikuwa nimeota ndoto ileile mara tatu, na katika ndoto hiyo sikuzama mimi. Nilikuwa nimekaa ukingoni, mkavu, na yeye amesimama majini akinisubiri, anasubiri tu, hanilaumu. Hilo lilinitisha kuliko kuzama. Alikuja masjala saa nne kuchukua kadi za kliniki. Nikafunga mlango.

"Dada, kuna kitu nilijaza kwenye fomu."

"Kitu gani?"

Nikamwambia. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ninatetea tasnifu: bwawa, zege, mguu, mita mbili na nusu. Yeye aliendelea kuhesabu kadi mpaka mwisho, akazifunga kwa raba.

"Kwa hiyo ulinidanganya mimi, au uliidanganya fomu?"

"Fomu."

"Fomu haiogelei, mdogo wangu."

"Najua."

"Ungeniambia siku ile ningekwenda hata Sumbawanga kutafuta mtu. Sasa hivi nimtoe wapi?" Hakuinua sauti. Wauguzi wa wodi ya wazazi huwa hawainui sauti, wana namna ya kushusha sauti ambayo ni mbaya zaidi. "Wiki zote hizi unaniangalia naongea mambo ya mama yangu, na wewe unanyamaza."

"Samahani, dada."

"Samahani yako nitaipeleka Katumba?"

Akaondoka na kadi. Siku nne hakuongea na mimi zaidi ya salamu. Hata salamu aliitoa kama mtu anayetoa dozi. Mara nne niliandika ujumbe wa kujitoa kwenye timu, mara nne nikaufuta, kwa sababu kujitoa kulikuwa ni kumnyang'anya safari kwa mikono yangu mwenyewe, na kubaki kulikuwa ni kumnyang'anya mbele ya watu. Sikupata njia ya tatu. Nilikosa hamu hata ya kusoma kuhusu kuzama.

Jumapili muuguzi aliwaambia wote ukingoni mwa bwawa. Mwalimu wa fizikia akasema kitu kuhusu mwili kuelea sawasawa bila kujali kina, jambo ambalo ni kweli na halikunisaidia hata chembe. Mtu wa benki akatoa wazo.

"Tumweke wa mwisho. Sisi watatu tutakuwa tumeshaogelea. Akikwama, amekwama mwenyewe."

Nilitamani kusema ndiyo. Ulikuwa ni mpango wa haki.

"Hapana," alisema muuguzi. "Akikwama, timu haijamaliza, na isipomaliza haiandikwi. Mimi sitaki kuogelea tu. Nataka iandikwe." Halafu akanigeukia, kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. "Atakuwa wa tatu kama ilivyopangwa. Mimi wa mwisho. Huyu akijua amebaki peke yake atashika ukuta mpaka aote mizizi. Akijua kuna mtu anamsubiri, atarudi."

"Na asiporudi?" aliuliza mtu wa benki.

"Basi nitakuwa nimesimama kwenye maji nimevaa kofia."

Kocha alikwenda kwenye chumba chake cha dawa na mabomba, akarudi na kipande cha tyubu ya baiskeli. Akachuchumaa mbele yangu. "Lete miguu."

Alinifunga vifundo vya miguu, mizunguko mitatu, akaingiza ncha ndani. Haikuuma. Ilikuwa imekaza kiasi cha kunifanya kitu kimoja kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Sasa hata hapa pana kina," alisema. "Ukishusha miguu hutasimama, utaanguka. Nenda ukaguse ukuta ule, geuka, rudi."

Wakaniingiza majini kama mgonjwa. Mtu mwingine anaweza kuona ni jambo dogo, maji ya kifuani, watu wazima wanne pembeni. Naweza kueleza tu kwamba mwili wangu haukujua hayo. Nilisukuma, nikavuta mikono, na nyuma yangu miguu ikaning'inia kama mzigo wa mtu mwingine. Nilipofika ukutani ilishuka yenyewe, kama kawaida yake, na iliposhuka ikateleza kwenye sakafu kwa pamoja. Nikaenda chini. Nilifungua mdomo, na mdomo ukajaa. Niliona mwanga juu yangu, mweupe na umevunjikavunjika, na nikawaza kwa utulivu wa ajabu kwamba hivi ndivyo walivyoandika, kwamba anayezama hapigi kelele.

Mkono ukanivuta kwenye blauzi. Alikuwa muuguzi. Alinishikilia nikakohoa na kutapika maji. Alinipiga mgongoni kama anavyowapiga watoto wachanga, kwa kiganja kilichokunjwa.

"Umeshazama," alisema. "Tena."

"Dada, siwezi."

"Sijauliza. Tena."

Nilizama mara tano siku hiyo. Siku iliyofuata, kabla ya kazi, mara tatu. Kila mara alikuwepo, na kila mara aliniachia muda mrefu kidogo kuliko mara iliyopita kabla ya kunishika, mpaka siku moja nilijikuta nimeshika ukuta mwenyewe, miguu inaning'inia, na hakuna aliyenigusa. Sikufurahi. Woga haukupungua hata siku moja katika wiki zile tatu. Nilichojifunza ni kufanya mambo mawili au matatu nikiwa nao.

Tulisafiri kwa treni, na kocha tukamchangia nauli. Njia nzima mwalimu alisahihisha madaftari, mtu wa benki alilala, na muuguzi alinunua karanga kila kituo. Mimi nilikwenda chooni mara kumi na moja. Najua idadi kwa sababu kocha alikuwa anahesabu.

"Msomi, ukifika Tabora utakuwa mwepesi sana. Utaelea tu."

Bwawa la Tabora lilikuwa refu kuliko nilivyoliota. Upande wa kuanzia ulikuwa na rangi ya anga. Upande wa pili ulikuwa na rangi nyingine, ya buluu nzito, na mpaka kati ya rangi hizo mbili ulionekana kabisa, kama mtu ameuchora kwa rula. Sikutaka kuutazama na sikutazama kitu kingine. Kulikuwa na timu sita. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki na miavuli, kuna wimbo ulikuwa unapigwa kwenye spika, kuna mtu alikuwa anauza ubuyu. Nilichukia jinsi ilivyokuwa siku ya kawaida kwao.

Sote tulianzia ndani ya maji, bila kuruka. Mwalimu akaenda akarudi. Mtu wa benki akaenda, akarudi wa tatu, anapumua kama ng'ombe. Mkono wake ukagusa ukuta, na muuguzi, aliyekuwa nyuma yangu, akanigusa begani kwa kidole kimoja. Nikasukuma.

Mita za kwanza niliona sakafu vizuri, vigae vyeupe, mstari mweusi. Halafu vigae vikaanza kushuka. Vilishuka polepole, kama mteremko wa barabara, na mimi nilibaki juu, na nafasi kati yetu ikaongezeka mpaka mstari mweusi ukawa mwembamba huko chini. Nilisahau mikono mitatu, nikapumua kila mkono. Nikafika ukutani, nikaushika kwa mikono yote miwili.

Na miguu ikashuka. Sikuiamuru. Ilishuka, ikatafuta, ikaendelea kutafuta, na chini yake hapakuwa na kitu.

Nikabaki pale. Sijui ni muda gani. Kidevu changu kilikuwa juu ya maji, vidole vimeng'ang'ania ukingo, na niliona timu moja inamaliza, halafu nyingine. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza. Msimamizi, mwanamume mwenye filimbi shingoni, akatembea mpaka nilipokuwa, akachuchumaa na fimbo ndefu mkononi.

"Dada, unaendelea au tukutoe?"

Niliitazama fimbo.

"Ukishika fimbo, timu yenu imetoka. Lakini hakuna ubaya. Usijilazimishe."

Alisema kwa upole sana. Ncha ya fimbo ilikuwa karibu na uso wangu, ina mpira mwekundu, na sijawahi kutaka kitu kama nilivyoutaka mpira ule. Nikageuza kichwa. Mbali kule, kwenye njia yetu, muuguzi alikuwa amesimama majini, mkono mmoja umeshika ukuta nyuma yake, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi. Kocha alikuwa juu yake na mabuti yake. Muuguzi hakunipungia. Hakuniita. Alikuwa ananitazama jinsi anavyomtazama mama ambaye bado hajafikia wakati wa kusukuma, bila haraka, kana kwamba ana siku nzima.

"Subiri," nilimwambia msimamizi. Sauti ilitoka kama ya mtu mzee.

Nikavuta hewa. Nikaachia mkono mmoja, halafu niligundua kwamba ule wa pili haukubali, nikaufungua kidole kimoja kimoja. Nikasukuma ukuta kwa miguu.

Sikuogelea vizuri. Niliweka kichwa juu kama kocha, nilipiga maji kama mtu anayefukuza mbwa, na njia nzima nilikuwa nasema moyoni neno moja ambalo silikumbuki. Sakafu ikaanza kupanda. Ilipofika mahali ambapo ningeweza kusimama, kila kitu ndani yangu kilitaka kusimama, na nikawaza, nikisimama nitatembea, na nikitembea watatutoa. Nikaendelea. Mkono ukagonga kitu kigumu.

Muuguzi alikuwa ameshaondoka.

Nilisimama, maji yananifika kifuani, nimeshikilia ukuta. Kocha aliniuliza kitu, nikatikisa kichwa bila kusikia. Timu zote tano zilikuwa zimemaliza, watu walikuwa wanajifuta kwa taulo, na ndani ya bwawa lile kubwa alikuwa amebaki mtu mmoja tu, katikati, anakwenda taratibu, mkono mmoja, halafu mwingine. Msimamizi alikuwa bado ameshika saa yake.

Ndipo nikaanza kuogopa upya. Nilikumbuka kwamba na yeye amejifunzia kwenye zege lile, kwamba na mguu wake umezoea kushuka, na kwamba wiki tatu zile alizotumia kunitoa chini ya maji hakuna aliyefunga miguu yake, hakuna hata aliyemuuliza. Yeye kwenye swali la sita aliweka alama gani, sikujua. Nilimtazama akivuka ule mpaka wa rangi mbili. Nilimwita, lakini kichwa chake kilikuwa majini.

Akafika ukutani. Akaushika. Nikaona mabega yake yakishuka, maji yakimfika mdomoni, kisha puani, na mtu mmoja kwenye viti akasimama. Kocha akainama kama anayeweka chini wavu ambao siku hiyo hakuwa nao, akaanza kuvua buti moja.

Muuguzi akapanda tena. Akavuta hewa, akatazama upande wetu, akageuka, akaanza kurudi kuifuata karatasi ya mama yake.